Roki ya Kimya

Kuna watu wakishakaa hawainuki, na kuna watu kazi yao ni kutengeneza vya kukalia. Huyu ninayemsimulia alikuwa yote mawili. Alikuwa fundi makochi mwenye karakana kwenye kona ya mtaa, na pua yake ilikuwa imezoea gundi hata hewa safi ikimpiga anapiga chafya. Kochi lililozama katikati, lililochanika mkono, lililotafunwa na mbwa, unampelekea yeye. Atalivua nguo, atazikagua springi moja moja, atalijaza sponji jipya, halafu atakivuta kitambaa kipya juu yake mpaka kochi ukilipiga kofi linalia kama ngoma. Kwa kazi hiyo hakuna aliyewahi kumlaumu. Tabu yake ilikuwa mdomo.

Mtaa mzima ulimwita Jaji. Mahakamani alikuwa ameingia mara moja tu, kwenda kupima viti vyao vilivyochakaa. Yeye alihukumu muziki, tena si muziki wote, roki peke yake. Ukimfungulia wimbo, gitaa halijamaliza kukohoa ameshakwambia hii ni metali nzito, hii ni metali ya kasi, hii ni roki ya gereji, hii ni grunji ya watu waliokosa usingizi, na hii, kwa heshima zote, ni panki iliyooga. Ukimuuliza kama wimbo wenyewe ni mzuri, anakutazama kana kwamba umemuuliza kama msumari ni mtamu.

Wenzake walikuwa wawili. Wa kwanza Kinyozi, ambaye duka lake liligusana ukuta na karakana, na ambaye angeweza kumwacha mteja na nusu ya ndevu ili aje kumalizia hoja. Yeye alikuwa mtu wa panki. Kwake wimbo ukizidi dakika tatu si wimbo tena, ni hotuba. Wa pili Mfamasia, mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, mtu wa miwani na sauti ya chini, mpenzi wa zile nyimbo ndefu zenye vipande saba, unazianza una njaa na kuzimaliza umeshiba. Kila jioni watatu hawa walikaa juu ya makochi ya watu wakibishana. Wateja maskini hawakujua kwamba makochi waliyoambiwa ni mapya kabisa yalikuwa yameshakaliwa na ubishi wa wiki nzima.

Ubishi ulipozidi ukubwa wa karakana, wakafungua kundi kwenye simu. Wapenzi wa roki wakajiunga kutoka huku na kule, mpaka likawa kundi la watu wengi wasiojuana kwa sura lakini wanaochukiana kwa hoja. Na kwa kuwa kila kijiji kina sheria yake, Jaji naye akalitungia kundi sheria moja tu: asiyekuwepo asiseme. Hukuhudhuria tamasha, hukuiona bendi kwa macho yako, funga mdomo. Tangu siku hiyo kila maoni yalianza na neno lile lile, "Nilikuwepo." Mtu akitaka hata kusema gitaa lilikuwa jekundu, lazima kwanza aseme nilikuwepo. Sheria nzuri kabisa, jamani. Nani angeipinga?

Sasa, Jaji alikuwa na binti, kitinda mimba wake, na nyumbani walimwita hivyo hivyo, Kitinda. Mtoto huyu alikulia karakanani. Wakati wenzake wanacheza nje, yeye alipanga mito ya makochi juu ya benchi, mkubwa katikati, midogo pembeni, akaokota miguu miwili ya kiti kilichovunjika, akaanza kupiga. Alipiga mito ile tangu yuko shule ya msingi. Alipiga akatoboa mmoja, baba yake akamgombeza, akaushona mwenyewe akaendelea. Na aliruhusiwa kwa sababu moja tu: sponji halipigi kelele. Wazee watatu walibishana juu ya kichwa chake kuhusu wapiga dramu wa dunia nzima, na mpiga dramu wa nyumba ile alikuwa pale pale miguuni pao. Alichoambulia ni Mfamasia kumwambia mara moja moja, "Mwanangu, polepole basi, vumbi hilo."

Siku moja aliuliza, "Baba, hapa mkono wa kushoto nifanyeje?" Jaji akamweleza historia ya metali ya kasi tangu ilipozaliwa. Mpaka alipofika katikati, mtoto alikuwa ameshagundua mwenyewe mkono wa kushoto ufanye nini.

Akakua. Alipomaliza masomo akajiunga na vijana wenzake watatu wakaanzisha bendi, wakaiita Kutu. Dramu zenyewe walizipata kwa kuchangishana, wakawa wanafanya mazoezi kwenye ghala la mjomba wa mpiga gitaa, mbali na mtaa. Jaji hakuwahi kufika. Si kwamba hakutaka. Kila Jumamosi alikuwa karibu kwenda, ila kila Jumamosi kulikuwa na ubishi haujaisha.

Ndipo Kutu wakapata nafasi kwenye tamasha la roki, lile kubwa la kila mwaka. Jukwaa dogo, Jumamosi, saa kumi alasiri. Kitinda alikuja karakanani, akamkuta baba yake ana misumari mdomoni, akasubiri aiteme.

"Baba, utakuja?"

"Swali gani hilo? Mwanangu anapanda jukwaani nisije, mimi nani?"

"Sikiliza kwanza. Mama ameshaongea na shangazi. Anataka nianze kazi dukani kwake, Jumatatu baada ya tamasha. Kuuza madaftari. Mimi sijakataa." Alikuwa anakunja na kukunjua kipande cha kitambaa. "Nataka uje usikie. Halafu uniambie wewe. Sitaki ya Kinyozi, sitaki ya kundi. Ukisema sijui kupiga, naenda kwa shangazi na sitanung'unika. Ukisema najua, uniongelee kwa mama."

Jaji akavimba kifua mpaka shati likalalamika. Maisha yake yote alikuwa ametoa hukumu ambazo hazikumfunga mtu wala kumfungua. Hii ilikuwa ya kwanza yenye mtu ndani yake. "Nitakwambia," akasema. "Haki bin haki."

Siku ya tamasha alivaa fulana yake nyeusi ya ujanani, ambayo tumbo lilikuwa limeihama au yenyewe imelihama tumbo, Mungu ndiye ajuaye. Wakatoka watatu, yeye na Kinyozi na Mfamasia, wakafika mapema. Kwenye jukwaa kubwa walikuta bendi ya wazee fulani wenye mvi ndefu, wakaitazama mpaka mwisho, wakapiga makofi. Kulikuwa na muda wa kutosha. Jukwaa dogo lilikuwa nyuma ya ua tu, unapita chini ya turubai la muuza soda, unakata kushoto, umefika.

Walikuwa chini ya lile turubai Kinyozi aliposema, "Panki safi ile."

Loo! Jaji alisimama kama aliyekanyaga moto. "Nini panki?"

"Wale wazee. Panki tupu."

"Kinyozi, ile ni metali nzito! Umenyoa watu mpaka umenyoa na masikio yako?"

Mfamasia akasema kwa upole wake kwamba kwa kweli wote wawili wamekosea. Kulikuwa na benchi na meza pale. Jaji akakaa, eti dakika moja tu, huku mguu mmoja ukielekea jukwaa dogo kuonyesha nia. Soda zikaja. Kinyozi akapiga meza. Mfamasia akachora kwa kidole chenye maji aina zote za roki na namna zilivyozaana, nani mjukuu wa nani, na ule mguu wa Jaji polepole ukarudi chini ya meza kuungana na mwenzake.

Wakiwa katika hali hiyo, wakasikia kutoka nyuma ya ua: *du.* Kimya. *Du.* Kimya kirefu. Halafu *ta, ta, ta.* Kimya tena.

Jaji akainua kidole. "Ndio hao! Mwanangu huyo!" Akanyanyuka nusu.

"Shhh," akasema Mfamasia, macho ameyafumba. "Sikia nafasi anazoacha."

*Du.* Kimya. *Tss.* Kimya.

"Hii si ya kawaida," akasema Kinyozi, na Kinyozi kusifu kitu kisicho panki ni kama paka kusifu maji. "Anapiga halafu anakunyima."

Jaji, bado yuko nusu hewani, akaona kwamba akiondoka sasa atakosa maneno haya matamu kuhusu mwanawe. Isitoshe, akajiambia, roki halisi husikika vizuri kwa mbali. Akakaa. Wakaisikiliza ile *du* na kile kimya, wakaanza kuulizana hii ni aina gani. Waliulizana kwa kelele nyingi sana. Walipokuja kutulia, nyuma ya ua kulikuwa kimya moja kwa moja, na watu walikuwa wanapita wakirudi. Onyesho limekwisha. Kitu kikamchoma Jaji kifuani, kidogo tu, kama pini ya kochi iliyosahaulika kwenye mto. Lakini nimesikia, akajituliza. Akampigia binti yake simu, haikupatikana.

Wakiwa njiani kurudi akarekodi ujumbe wa sauti, akautuma kundini. Nao ni huu:

"Nilikuwepo. Ndugu zangu, leo jukwaa dogo limezaa kitu. Bendi inaitwa Kutu. Mpiga dramu ni binti yangu wa kumzaa, lakini hapa sisemi kama baba, nasema kama Jaji. Yule mtoto anajua kunyamaza. Anapiga pigo moja, anakuacha unaning'inia, unasubiri, unateseka, ndipo anakupa la pili. Hii si metali, si panki. Sisi tuliokuwepo tumekubaliana kuiita roki ya kimya. Nimemaliza."

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema likipewa simu itakuwaje.

Kitinda alirudi nyumbani kesho yake mchana, akiwa amelala kwa mwenzake wa bendi. Akamkuta mama yake anapakua, baba yake yuko mezani amenyoosha mgongo kama mtu anayengoja picha. Akasalimu, akanawa, akakaa. Jaji hakungoja hata tonge la kwanza.

"Mwanangu, niliahidi haki bin haki. Unajua kupiga! Tena unajua kitu ambacho watu wazima hawajui. Kile kimya chako! Pale mwanzo, *du*, halafu unatuacha. Halafu zile *ta, ta, ta*, kama unataka kuanza, huanzi. Mfamasia alifumba macho. Kinyozi, Kinyozi mwenyewe, alikosa neno! Mama watoto, huyu haendi kuuza madaftari, nakwambia mapema."

Aliendelea hivyo kwa kirefu. Mama yake Kitinda, mwanamke aliyepokea wageni kwenye kliniki ya meno na kwa hiyo mzoefu wa kutazama watu wanaojidai hawaumwi, alikuwa anamtazama binti, si mume. Kitinda alikula polepole. Alimwacha baba yake afike mwisho kabisa, mpaka alipokunywa maji.

"Baba, hatukupanda jukwaani."

"Hamkupanda nini?"

"Ile mashine ya kuchanganyia sauti iliungua. Fundi mitambo akawa anagonga dramu moja moja kutafuta maikrofoni ipi imekufa. Zote zilikuwa zimekufa. Jukwaa likafungwa, tukaambiwa tukusanye vitu vyetu twende." Akafuta mikono. "Huyo uliyemsikia ni fundi mitambo. Mnene hivi, amevaa kandambili. Nikimwona nitampa pongezi zako."

Mama yake akaweka upawa chini. Jaji akalirudisha sahanini tonge alilokuwa amelishika.

"Sasa kwa nini umeniacha niseme yote hayo?"

"Nilitaka kuona utafika wapi." Akaisogeza sahani kando. "Unajua nilisimama pale langoni, naangalia kila anayeingia? Sikukuona. Nikasema baba ameshasikia tumefutwa, anahangaika huko kunitafuta. Nikakuonea huruma, baba. Wewe nikakuonea huruma."

Akainuka, akaenda kuosha sahani yake. Jumatatu akaenda dukani kwa shangazi.

Jaji naye, alipobaki mezani, aliikimbilia simu aufute ule ujumbe. Thubutu! Maji yakimwagika hayazoleki. Kundi lilikuwa limewaka. "Nilikuwepo," alisema mmoja, "nilisimama mbele kabisa, kile kimya cha pili kilinitoa machozi." "Nilikuwepo," alisema mwingine, "wimbo wa tatu ndio ulikuwa kiboko." Mwingine alikuwepo na hakupendezwa, akaona gitaa lilizidi. Mwingine alikuwepo akamjibu huyo kwamba hakuna gitaa lililozidi, masikio yake ndiyo yaliyopungua. Mmoja alikumbuka mpaka rangi ya kilemba alichofunga mpiga dramu. Watu walikuwa wanakaribia kutukaniana wazazi kwa ajili ya onyesho lililofanywa na fundi mitambo mwenye kandambili.

Na uvumi, ukishapata miguu, hauombi ruhusa. Haikupita muda mwenye ukumbi mmoja wa mjini akawapigia Kutu simu. Aliwataka wapige kwake Jumamosi moja mchana. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwepo.

Kitinda akaja karakanani baada ya kazi, bado ana vumbi la chaki na karatasi mikononi. Kinyozi na Mfamasia walikuwepo, akamwomba baba yake watoke nje.

"Wenzangu wamefurahi," akasema. "Mimi siwezi. Nitaingiaje pale kwa sifa za kitu ambacho sikufanya? Baba, wewe ndiye uliyeanzisha. Waambie ukweli, wote, kwa mdomo wako ule ule. Usipowaambia sipandi, nabaki na madaftari yangu, na hiyo roki ya kimya utapiga wewe."

Hapo ndipo Jaji alipobanwa. Kwa maana fikiria: mtu huyu hakuwa na cheo kingine duniani. Nyumbani mkewe ndiye aliyejua vitu vyote viko wapi. Kazini alipiga magoti mbele ya makochi ya wengine. Kiti kimoja tu kilikuwa chake, kile cha Jaji, nacho kilisimama juu ya sheria aliyoitunga na kuivunja yeye mwenyewe. Akikiri, amekiondoa mwenyewe chini ya makalio yake. Alizunguka karakana, akapigilia msumari pasipo pahali pake, akaung'oa. Kisha akakumbuka neno moja, lile la langoni. *Wewe nikakuonea huruma.* Lilimuuma kuliko hofu ya kuchekwa na kundi zima. Akaingia ndani, akawakabili wenzake.

"Jamani. Ile siku hatukuisikia bendi. Alikuwa fundi mitambo anajaribu vyombo. Kutu hawakupiga hata wimbo mmoja."

Kinyozi akamtazama. "Nani kakwambia?"

"Mpiga dramu wao!"

"Wasanii," akasema Mfamasia kwa huruma, "aghalabu hawaijui kazi yao wenyewe."

"Tulikuwa wote chini ya turubai! Tunabishana!"

"Wewe ulikuwa unabishana," akasema Kinyozi. "Mimi nilikuwa nasikiliza."

Sikio la kufa halisikii dawa, hata la mfamasia. Jaji akawaacha, akashika simu, akarekodi pale pale mbele yao kabla moyo haujageuka. "Sikuwepo," akaanza. Ujumbe wa kwanza wa kundi lile ulioanza na neno hilo. "Nilikaa kwa muuza soda. Binti yangu aliningoja langoni, sikwenda. Kilichosikika hakikuwa muziki, ilikuwa mashine mbovu. Roki ya kimya haipo. Nimewadanganya, na nyinyi mnaosema mlikuwepo, mnajijua." Akatuma.

Akangoja wamcheke. Laiti wangemcheka! Walikasirika. Mmoja akasema Jaji ana wivu na mwanawe. Mwingine akasema uzee umemwingia. Wa tatu, hodari wa vifungu, akaandika: "Kama kweli hukuwepo, Jaji, kwa sheria yako mwenyewe huruhusiwi kusema. Asiyekuwepo asiseme. Kwa hiyo huwezi kutuambia kwamba halikufanyika." Kundi zima likaafiki. Kinyozi, aliyekuwa msimamizi wa kundi, akatoa simu yake mfukoni, akasema, "Samahani bwana, sheria ni msumeno," akamfungia asiweze kusema humo, huku wamekaa kochi moja.

Jioni ile Jaji alimpelekea binti yake habari akiwa amenyong'onyea. "Nimewaambia. Wamekataa. Wamenifungia."

Kitinda alikuwa ameshausikia ujumbe, maana mmoja wa wenzake wa bendi alikuwa kundini. Alikuwa anacheka, anajizuia, anacheka tena. "Umeanza na 'sikuwepo,'" akasema. "Mimi nilitaka hiyo tu. Wao shauri yao. Jumamosi uje, na uje peke yako."

Alikuja peke yake, ila wenzake nao walikuja, kila mmoja peke yake. Ukumbi ulikuwa wa mikutano, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Ulijaa watu waliokuja kusikia kimya. Jaji alitangulia mbele kabisa, akakaa, akayafumbata magoti kama mwanafunzi mgeni.

Kutu wakapanda. Hawakunyamaza hata mara moja. Walianza kwa kishindo kilichomfanya mwenye ukumbi ashike glasi zake, wakaenda mbio, wakageuka, wakaenda mbio zaidi. Jaji, kwa mazoea tu, akaanza kutafuta jina. Metali ya kasi. Hapana. Panki, lakini hii haijaoga. Hapana tena. Ndipo macho yake yakatua kwenye mikono ya binti yake, akasahau alichokuwa anatafuta.

Mikono ile aliijua. Alikuwa ameiona miaka na miaka ikipanda na kushuka juu ya mito, pale benchini, mbele ya pua yake. Ule mkono wa kushoto unaojivuta nyuma kidogo kabla ya kupiga, aliujua kama anavyoujua mlango wa karakana. Sauti yake ndiyo ilikuwa ngeni. Kumbe kila siku ile, chini ya ubishi wao, kulikuwa na kishindo hiki, na yeye alikuwa amekijazia sponji. Aliona fahari, akaona aibu, zikamfika kwa pamoja, akalia bila kuficha. Akaona na kitu kingine. Mwanawe amekaa juu ya stuli ya jikoni iliyofungwa kwa kamba kipande cha sponji kuukuu, yeye binti wa fundi makochi.

Mfamasia akainama kutoka kiti cha nyuma. "Jaji, hii utaiita nini?"

"Nyamaza," akasema Jaji, "mwanangu anapiga."

Ilipokwisha, watu walipiga makofi ya adabu. Nje, kwenye mlango, wapenzi wa roki walikusanyika kama kawaida yao, Kinyozi katikati.

"Si mbaya," akasema Kinyozi. "Wana nguvu. Lakini haifikii ile ya tamasha."

"Haifikii kabisa," akasema mwenye ukumbi. "Ile ilikuwa na kimya."

"Wameharibiwa na umaarufu," akahitimisha Mfamasia, na wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Kitinda alitokea nyuma yao, amelowa jasho, vijiti vyake amevibana kwapani. Alikuwa amesikia yote. Akawapita, akasimama mbele ya baba yake.

"Haya, baba. Unasemaje?"

Wote wakamgeukia, maana cheo kikivuliwa mazoea hubaki. Jaji alikuwa na maneno. Alikuwa nayo mengi kuliko siku zote, yamejaa mpaka kooni. Akayatazama, akayaona ni yale yale.

"Nilikuwepo," akasema.

"Halafu?" akauliza Kinyozi. "Ndiyo hukumu hiyo?"

"Nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho," Jaji akamwambia binti yake, akijifuta uso kwa ile fulana nyeusi aliyokuwa ameivaa tena. "Kesho naenda kwa dada. Nitamwambia mwenyewe atafute mtu mwingine wa madaftari. Mama yako niachie mimi, ingawa yeye ndiye atakayeniweza. Stuli iko wapi?"

"Stuli ipi?"

"Hiyo unayokalia. Nipe nikaishone."

Kitinda akaenda kuileta; Jaji akaipokea, akaikagua chini, akatikisa kichwa, akaitia begani. Nyuma yao ubishi ulikuwa umeshaanza upya, juu ya ile siku ya tamasha, kama kimya cha pili ndicho kilichokuwa kirefu au cha kwanza. Kinyozi akamwita Jaji aje awaamulie. Jaji hakugeuka, alikuwa anamuuliza binti yake anapenda kukalia kigumu au laini.